UVUVI WETU: Poteza Jiwe, Usipoteze Mshipi



Mvuvi anatoka alfajiri na ngarawa yake. Ana mshipi mmoja, ndoana mbili na chambo. Anatia nanga na kushusha mshipi. Mara mshipi unanasa. Anavuta, hautoki. Anavuta kwa nguvu, unakatika. Ndoana zimebaki chini ya bahari. Siku bado mbichi, lakini kazi imekwisha. Anarudi nyumbani mikono mitupu. Kesho atakopa fedha za kununua ndoana nyingine.

Je, jambo hili limewahi kukupata? Leo tutajifunza kufunga mshipi ambao ukinasa, unapoteza jiwe tu.

KWA NINI MSHIPI HUNASA?

Chini ya bahari si pote mchanga safi. Tazama Ghuba ya Chwaka, mashariki ya Unguja. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya ghuba huwa wazi. Utaona matope, majani ya baharini na mawe. Upande wa kusini kuna mikoko na mizizi yake.

Samaki wanapapenda mahali hapo. Changu hutafuta kaa wadogo na konokono karibu na chini. Lakini ndoana ikilala chini hupata hasara mbili. Kwanza, chambo huzama katika matope au hufichwa na majani, samaki asikione. Pili, ndoana hushika mzizi, jiwe au kamba kuukuu.

Basi dawa ni hii: jiwe likae chini, ndoana ining'inie juu yake. Na jiwe lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi.

VITU VINAVYOTAKIWA

1. Mshipi wa nailoni.
2. Ndoana mbili.
3. Uzi wa pamba ulio dhaifu kuliko mshipi.
4. Chubwi, yaani kitu kizito cha kuzamisha mshipi.

Chubwi lako liwe jiwe la pwani au nati kuukuu ya chuma. Usinunue kitu cha thamani, maana hicho ndicho kitakachopotea. Penye matope laini chagua jiwe bapa. Jiwe la mviringo huzama ndani ya matope, jiwe bapa hukaa juu.

Wako wanaoyeyusha risasi nyumbani ili kutengeneza machubwi. Usifanye hivyo. Moshi na vumbi la risasi ni sumu. Huwadhuru zaidi watoto wadogo, hata akili zao.

NAMNA YA KUFUNGA

Tutapima kwa shibiri. Tanua vidole vyako. Kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho ni shibiri moja.

Kwanza: Funga kitanzi kidogo mwisho wa mshipi. Kata uzi wa pamba wa shibiri mbili. Ncha moja ifunge kwenye kitanzi, ncha ya pili kwenye jiwe.

Pili: Kutoka kitanzi hicho pima shibiri mbili kwenda juu. Hapo kunja mshipi, upige fundo mara mbili, upate kitanzi kingine. Pima tena shibiri tatu kwenda juu, ufanye kitanzi cha tatu.

Tatu: Kata vipande viwili vifupi vya nailoni kwa ajili ya ndoana. Pitisha kipande kwenye tundu la ndoana. Kizungushe juu ya mshipi wake mara tano au sita. Rudisha ncha kwenye nafasi iliyo karibu na tundu. Tia mate, kisha kaza polepole. Nailoni kavu ikikazwa kwa haraka hupata joto na kudhoofika.

Nne: Mwisho wa kila kipande funga kitanzi. Kipande pamoja na ndoana kisizidi shibiri moja. Sasa ingiza kitanzi cha mshipi ndani ya kitanzi cha kipande. Kisha pitisha ndoana ndani ya kitanzi cha mshipi, uvute. Vitashikana.

Kwa nini shibiri moja? Kwa sababu ndoana ya chini haitaweza kulifikia jiwe, na ndoana mbili hazitasokotana.

JARIBU KWANZA NCHI KAVU

Funga jiwe kwenye mti, uvute mshipi kwa kijiti. Uzi ukatike, mshipi ubaki mzima. Ukikatika mshipi, uzi wako una nguvu mno. Uzi ukikatika kwa kulinyanyua jiwe tu, ni dhaifu mno. Badilisha.

NAMNA YA KUVUA

Shusha mshipi polepole mpaka jiwe liguse chini. Utahisi mshipi umelegea. Ukaze kidogo ili usimame wima. Usiuache ulegee, ndoana zitalala chini. Maji yakienda kasi, hasa wakati wa bamvu, tumia jiwe zito zaidi.

Ukinasa, usizungushe mshipi mkononi. Nailoni hukata nyama. Uzungushe kwenye kijiti, uvute moja kwa moja bila kushtua. Uzi utakatika. Funga jiwe jingine, uendelee na kazi.

Vipande vya nailoni visivyofaa usivitupe baharini. Nailoni haiozi upesi kama uzi wa pamba. Humnasa kasa na ndege wa pwani. Virudishe nyumbani.

Tena, mshipi una faida nyingine. Ukimpata changu mchanga, unaweza kumrudisha akiwa hai. Baruti na sumu haziachi kitu, wala mkubwa wala mchanga. Ndiyo sababu sheria ya uvuvi ya Zanzibar inazikataza.

Wazee walisema: bora nusu shari kuliko shari kamili. Jiwe liko pwani bure. Mshipi na ndoana ni chakula cha watoto wako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini uzi wa jiwe uwe dhaifu kuliko mshipi?
2. Penye matope laini tutumie jiwe la namna gani?
3. Katika kijiji chenu, mshipi hunasa zaidi wapi? Waulizeni wazee wavuvi, kisha andikeni majibu yao.