Debe Tupu la Wati 9,500

Masikio yako hayana shida. Ile wufa iliyokutetemesha kifua pale Luthuli, na sasa imekaa kwa keja ikinguruma kama matatu iliyokwama topeni, ilitengenezwa ishinde dukani. Kuishi na wewe hakukuwa kwenye mpango.

Anza na boksi. Langu limeandikwa wati 9,500 PMPO, kwa herufi kubwa kuliko jina la wufa yenyewe. Haya, toa kikokotoo cha simu. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240, na plagi ina fyuzi ya ampia 13. Zidisha: wati 3,120. Hizo elfu sita zingine zinatoka wapi, mbinguni? Geuza wufa nyuma. Kwenye yangu kuna kibandiko kidogo kinachosema inakula wati 60. Yaani uongo uko mbele kwa rangi ya dhahabu, ukweli uko nyuma kwa herufi za chungu. PMPO haina kanuni moja ya kuipima. Kila kiwanda kinajipigia hesabu. Namba ya maana ni RMS, nguvu ambayo mashine inaweza kutoa mfululizo, na hiyo hakuna anayeipigia kelele.

Halafu kuna ule mchezo wa kujaribu. Muuzaji anaweka wimbo wake, sauti juu, besi juu. Ukilinganisha spika mbili, ile iliyo na sauti zaidi kidogo tu huonekana bora. Na tangu 1933, Fletcher na Munson walionyesha huko Marekani kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza besi mapema kuliko sauti za kati. Dukani unasikiliza kwa sauti ya harusi. Kwako, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, unasikiliza kwa sauti ya kunong'ona. Besi uliyolipia inayeyuka. Ukiiongeza, inameza kila kitu: msomaji wa habari anaongea kama yuko ndani ya ndoo. Ukiisukuma kwenye kona kwa sababu nafasi ni hiyo tu, kuta zinazidisha mvumo.

Watakuambia, "Ulitaka ya bei rahisi, ongeza pesa." Uongeze kwa nini? Ukizidisha wati maradufu unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Na hiyo bei rahisi ni Sh12,500, kodi ya mwezi ya wengi wetu. Ukirudi kulalamika unaonyeshwa risiti: bidhaa ikiuzwa hairudi. Ilhali Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na habari za kumwezesha kufaidika nazo. Wati 9,500 si habari. Ni kelele.

Kwa hivyo msee, ukienda dukani, beba wimbo wako, ule unaoujua kila neno. Mwambie ashushe sauti mpaka muweze kuongea bila kupaaza. Sikiliza kama maneno bado yanashikika. Soma nyuma kabla ya mbele, kisha uliza RMS. Akianza kukucheka, toka. Duka la pili liko hatua tatu.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Hawakujua siku moja tutaliuziwa na rimoti.