Usiulize klei ipi ni kali

Mwalimu mmoja wa sekondari alinijia karakanani kwangu, mtaa wa Gerezani, asubuhi ya Jumamosi na gari lake, IST nyeupe. Ubavu mzima wa kushoto ulikuwa umejaa vitone vya rangi ya chungwa, vidogo kama mbegu za mchicha. "Fundi, naambiwa bodi limeanza kuliwa na kutu, lipigwe rangi upya." Bei alishatajiwa, na alishaanza kufikiria mkopo.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," nikamwambia. Nikaosha mlango, nikavaa mkononi mfuko wa nailoni uliofungiwa mkate, nikapapasa. Nailoni nyembamba hufanya vidole vihisi hata punje ambayo jicho haliioni. Mlango ulikuwa unakwaruza kama msasa uliochakaa. Nikamuuliza gari linalala wapi. Linalala ubavuni mwa kibanda cha fundi mageti.

Basi jibu likapatikana. Kila cheche inayoruka kwenye grinda ni chembe ya chuma yenye moto. Ikitua juu ya rangi inanata, na umande ukiipata inaota kutu. Kilichokuwa kinaoza ni zile chembe. Bodi la Mwalimu lilikuwa zima.

Nilipuliza dawa ya kuyeyusha chuma, ile inayogeuka zambarau ikikutana nacho, nikasuuza, kisha nikashika klei. Jina hilo limetokana na udongo, lakini hiki si udongo wa mfinyanzi. Ni kitu cha kutengenezwa, kinafinyangika kama ugali uliopoa, na ndani yake mna unga laini sana wa kusugulia. Kilianzia Japani, Tadao Kodate ndiye aliyepewa hataza yake Marekani miaka ya 1990. Unakitelezesha juu ya rangi iliyolowa, nacho kinang'oa kila kilichochomoza.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Siku hizi klei inauzwa madukani, na wateja wanaingia na swali moja: ipi kali? Muuzaji anawapa ngumu kuliko zote, nao wanaondoka wameridhika. Swali hilo ndilo linaloharibu magari.

Rangi ya gari juu yake ina klia, yaani ile varnishi inayong'aa. Kwa magari mengi ya kiwandani klia hiyo ni kama mikroni 40 hadi 50, na unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Klei ngumu inaacha ukungu na mistari juu yake. Ili kuiondoa mistari hiyo lazima fundi apitishe kompaundi ya kusugulia kwa mashine, na kompaundi inakula klia hiyo hiyo. Klia iliyoliwa hairudi. Nimeletewa Crown nyeusi iliyosuguliwa klei ngumu saa saba mchana, boneti likiwa la moto na maji yakikauka kabla mkono haujamaliza. Ilionekana kama imefutwa kwa steelwire. Niliing'arisha, ndiyo, lakini boneti lile halitavumilia kung'arishwa hivyo mara nyingi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mwenye gari lake nyumbani anunue klei laini, basi. Ikishindwa kwa mara ya kwanza, arudie taratibu. Ikishindwa tena, ampelekee fundi. Klei ngumu iachwe kwa mtu mwenye mashine ya kurekebisha atakachoharibu. Na asichague kwa rangi ya kidonge. Klei ya bluu kwa kampuni moja ni laini, kwa nyingine ni ya kati. Asome maandishi ya kwenye boksi, au aifinye: inayokubali vidole upesi ndiyo yake.

Kipande cha gramu 100 si cha kutumia kizima. Kikate vinne, sawazisha kimoja kiwe bapa, na rangi isikauke hata dakika moja. Maji yenye shampuu ya gari yanatosha. Fanya kazi kivulini, asubuhi, bodi likiwa la baridi. Usikandamize, acha kiteleze chenyewe mpaka ule mkwaruzo unyamaze. Upande ukichafuka, kunja upya.

Kikianguka chini, kitupe. Hapa ndipo ubahili unapotuponza. Nimeona vijana wanaokota, wanasuuza, wanaendelea, na mchanga ukiwa umeshazama ndani. Kuanzia hapo unapiga msasa gari la watu. Ndiyo maana ya kukata vinne: kikipotea kimoja, umebakiwa na vitatu.

Ukimaliza, paka waksi siku hiyo hiyo, kwa kuwa klei imeondoka na waksi yote ya zamani na rangi imebaki wazi. Na kama mfuko wa nailoni unateleza bila kukwaruza, usinunue klei kabisa. Osha gari, nenda zako.

Ndugu zangu wenye maduka ya vipuri, mteja akiuliza ipi kali, muulizeni kwanza gari lake lina nini na lina rangi gani. Kidonge laini kinawapa faida ile ile.

Mwalimu sasa anaegesha upande wa pili wa mtaa. IST yake bado ina rangi iliyotoka nayo kiwandani.