Muziki wa Taita Unaswe Taita

Mwaka jana nilifuatana na kijana mmoja wa hapa Voi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 160, ili akarekodi nyimbo zake mbili. Alikuwa ameuza mbuzi wawili apate nauli na ada ya studio. Alipangiwa saa mbili. Saa ya kwanza iliishia katika kungoja, na ya pili ilipotimia mtambo ulizimwa, hali ubeti wa mwisho haujaimbwa. Tukarudi Voi na wimbo mmoja na nusu. Tangu siku hiyo najiuliza: je, ni lazima sauti ya Mtaita ipande basi ndipo inaswe?

Zamani haikuwapo njia nyingine. Fadhili William, mzaliwa wa Taita mwaka 1938, ilimbidi awe Nairobi, katika studio za Equator, ndipo sauti yake ikavuma duniani kwa wimbo wa "Malaika". Mitambo ya siku zile ilikuwa mali ya matajiri. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa mtambo uitwao Portastudio, uliomwezesha mwanamuziki kunasa sauti nne kwa zamu, nyumbani kwake, juu ya kaseti ya kawaida. Leo kompyuta ndogo iliyokwishatumika hufanya zaidi ya hayo, na programu kama Audacity hupatikana bila malipo.

Basi nionavyo mimi, vijana watano wakichanga kidogo kidogo wanaweza kuwa na studio chumbani. Vinavyohitajika ni vinne: kompyuta, kipaza sauti kizuri kimoja, kisanduku cha kukiunganisha na kompyuta, na spika za masikioni zinazoziba vizuri. Haba na haba hujaza kibaba. Afadhali kipaza sauti kimoja cha kutegemewa kuliko vitatu vya ovyo.

Wengi hukosea katika chumba, wala si katika mashine. Ukuta mtupu hurudisha sauti, na mwangwi ukishaingia katika wimbo ni vigumu kuutoa. Wako wanaobandika trei za mayai ukutani. Hizo hazizuii kelele za nje, na mwangwi huupunguza kidogo mno. Blanketi nzito, godoro lililosimamishwa na kabati la nguo lililo wazi hufaa zaidi. Hata magunia yaliyojazwa singa za mkonge, zao tulilolizoea hapa kwetu, yanaweza kumeza mwangwi. Kuhusu ngurumo za malori ya barabara kuu, honi za gari moshi na mvua juu ya bati, dawa ni kuchagua saa za utulivu. Mwimbaji naye asimame shubiri moja hivi kutoka kwenye kipaza sauti, na sauti isipandishwe mpaka ikapasuka.

Lakini sisemi haya kwa ajili ya nyimbo za vijana peke yake. Hapa kwetu kuna ngoma ya mwazindika, na kuna nyimbo za Kidawida, Kisagalla na Kitaveta ambazo wazijuao ni wazee. Mzee hawezi kubebwa hadi Mombasa na ngoma yake akapangiwa saa mbili. Kompyuta yenye betri, hata hivyo, yaweza kupandishwa Wundanyi au Kasigau, ikamkuta uwanjani kwake. Kijana anayeridhika na midundo ya kutengenezwa na mashine, na huku wapigaji wa kweli wako jirani, anaacha mbachao kwa msala upitao.

Naongeza onyo moja. Kunasa bila kuandika ni nusu ya kazi. "Malaika" ilizunguka ulimwengu mzima, lakini mzozo kuhusu nani aliyeitunga, Fadhili William au Adam Salim, haukuisha hata baada ya Fadhili kufariki mwaka 2001. Kwa hiyo kila studio, hata iwe ya chumbani, iwe na daftari: nani katunga, nani kaimba, nani kapiga ngoma, siku gani, mahali gani, na mapato yatagawanywaje. Wote watie sahihi kabla ya kutoka mlangoni. Na nakala ziwe mbili, moja ikae nyumba nyingine, maana kompyuta huibwa na huharibika.

Yule kijana wangu sasa anaweka akiba ya kipaza sauti. Ubeti wake wa mwisho bado anao kichwani, na yeye bado kijana, aweza kungoja. Wazee wetu hawana muda huo. Mcheza kwao hutunzwa, na mwimbaji wa kwetu atunzwe hapa hapa kwetu, angali na pumzi ya kuimba.