Kufukuzwa kwa mudomo haiko sheria

Vijana wenzetu wa Kamina, ba ndugu na ba dada,

Patro aliniambia kwa telefone: «Kesho usirudi.» Hakuna barua, hakuna sababu. Kisha akatangaza kwa watu eti niliiba bidhaa za depo. Jumatatu mimi na yeye tutakaa mbele ya Inspekta wa Kazi.

Wazazi wanasema: «Mwanangu, mwachie Mungu, usigombane na bakubwa.» Tunawaheshimu, lakini ushauri huo ndio umezoesha ba patro kutufukuza kama mbwa. Mungu hakukataza mutu kusoma Kodi ya Kazi.

Ni sheria 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002. Patro anapaswa kukuandikia barua na kutaja sababu. Sababu ikikosa nguvu, kifungu 63 kinasema urudishwe kazini. Ikishindikana, tribinali inakata fidia, mpaka mishahara ya miezi 36. Na weye usiye na kontra ya kuandikwa, usiogope: sheria inaihesabu kuwa ya muda usio na kikomo, mpaka patro aonyeshe kinyume.

Patro anajua haya yote. Anategemea njaa. CNSS inalipa pansheni, posho ya familia na ajali za kazini. Ukifukuzwa tu, haikupi hata franka moja. Ndiyo maana wengi wanapewa kafranka kadogo, wanatia saini karatasi wasiyoisoma, mambo yanaishia pale.

Basi tujitayarishe. Andika tarehe zote. Chunga mesaji za mushahara. Usitie saini siku ileile. Musipopatana, daì prosè-verbali ya kutopatana, sababu tribinali haipokei mutu asiyepitia kwanza kwa Inspekta. Na usilale: mushahara usiolipwa ukipitisha mwaka mmoja bila kuudai, haki imekufa.

Neno la mwisho ni kwa ba wenzangu wa depo. Ile siku tulihesabu bidhaa pamoja, hakuna kilichokosa. Leo hamupokei simu zangu. Ninajua muko na watoto, na kodi ya nyumba. Lakini leo ni mimi, kesho patro atamuita nani? Mukuje Jumatatu. Museme tu mulichoona.