Mnunuzi wa Nyumba Aulize Miaka Iliyobaki

KILA mwaka walimu na watumishi wengine wa Serikali hustaafu, na fedha za kiinua mgongo zinapoingia mkononi jambo la kwanza ambalo wengi wao hulifikiria ni nyumba. Hilo ni jambo la heshima. Mtu aliyelitumikia Taifa kwa miaka thelathini na zaidi, akahamishwa kutoka Newala hadi Tarime, akaishi katika nyumba za shule na za kupanga, ana haki ya kutaka kulala chini ya paa lake mwenyewe. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba wengi wa ndugu zetu hawa hununua bila kujua wanachokinunua. Huhesabu vyumba, hukagua bati na nyufa za ukuta, huuliza habari za maji na umeme. Hawaulizi hati ya nyumba ile imebakiwa na miaka mingapi.

Wako watakaoshangaa kusikia kwamba nyumba ina miaka ya kuhesabiwa. Ukweli ni kwamba katika Tanzania hakuna anunuaye ardhi ya mjini ikawa yake milele. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Anachopewa mwananchi ni haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda uliotajwa na kwa masharti yaliyoandikwa. Muda huo kwa kawaida huwa miaka 33, 66 au 99, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 hairuhusu kuvuka miaka 99. Kwa hiyo mwenye kuuza nyumba huuza kuta na paa, pamoja na ile miaka ambayo yeye mwenyewe hajaitumia. Hawezi kuuza zaidi ya hapo, kwa sababu hana.

Utaratibu huu haukuja kwa bahati. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipotaka kuingiza milki huru ya ardhi miongoni mwa Waafrika, Mwalimu Nyerere aliandika kuipinga, akaonya kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa ya sokoni wachache wenye fedha wataichukua na walio wengi watabaki wapangaji katika nchi yao. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliigeuza milki huru yote iliyokuwapo kuwa ukodishaji wa Serikali wa miaka 99, na ile ya mwaka 1969 ikaugeuza ukodishaji huo kuwa haki ya kumiliki kwa masharti. Sisi tunaamini kuwa uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini usahihi wa siasa ya ardhi haumwondolei mnunuzi wajibu wa kusoma karatasi anayotiliwa sahihi.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayestaafu mwaka 2026 akiwa na umri wa miaka 60. Dalali anamwonyesha nyumba mbili. Ya kwanza ina vyumba vinne, ua mpana na miembe miwili, na bei yake ni nafuu ajabu. Hati yake ni ya miaka 33 na ilianza mwaka 1998. Ya pili ina vyumba viwili tu na bei yake inakaribiana na ile ya kwanza, lakini hati yake ni ya miaka 99 iliyoanza mwaka 1985. Wengi wetu tungeikimbilia ile yenye miembe. Hata hivyo hati ya nyumba hiyo itafikia ukomo mwaka 2031, mwalimu akiwa na miaka 65 na mshahara hana tena. Hati ya nyumba ndogo itafika mwaka 2084, wakati ambapo wajukuu wake nao watakuwa wazee.

Madalali wana jibu lao. Husema kwamba hati ikiisha huongezwa, na kwamba Serikali haina haja ya kumtoa mtu nyumbani kwake. Jibu hilo lina kweli ndani yake, na ndiyo maana linadanganya. Ni kweli kwamba mwenye hati aliyetimiza masharti anaweza kuomba aongezewe muda, na ukomo wa hati si sawa na kufika kwa tingatinga mlangoni. Lakini kuomba si kupewa siku hiyo hiyo. Kuna ada za kulipa na masharti mapya ya kupokea, na pengine ramani ya mji nayo imebadilika tangu hati ya kwanza ilipotolewa. Katika kipindi hicho chote mwenye nyumba hawezi kuiweka rehani, na akitaka kuiuza kwa sababu ya ugonjwa au ada ya mtoto, mnunuzi mwerevu atamkwepa.

Mwenye shaka na aende benki. Benki inayoombwa mkopo wa miaka 15 haitapokea dhamana ya nyumba ambayo hati yake imebakiwa na miaka mitano, hata ikiwa kuta zake ni za mawe na sakafu ni ya marumaru. Ikiwa benki, yenye wanasheria na fedha za kutosha, inaogopa kuibeba hatari hiyo, mwalimu mwenye kiinua mgongo kimoja tu maishani aibebe kwa ujasiri gani?

Hatusemi kwamba nyumba yenye miaka michache isinunuliwe kabisa. Tunasema muuzaji aombe kwanza kuongezewa muda kwa jina lake na kwa gharama yake, kisha ndipo auze. Akikataa, bei ishuke kwa kiasi kinacholingana na miaka iliyokwisha kutumika. Asiyekubali lolote kati ya hayo mawili aachwe na nyumba yake.

Wanaonunua nyumba katika majengo ya ghorofa, chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, nao wasidhani kuwa wamesalimika. Waulize muda wa ardhi iliyobeba jengo zima, na mchango wa kila mwezi wa kulitunza. Na wenye kununua penye leseni ya makazi waelewe kwamba leseni si hati. Muda wake ni mfupi mno. (Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba bibi kizee kijijini anaweza kupewa hakimiliki ya kimila isiyo na ukomo, na mkurugenzi wa mjini akawa anahesabu miaka kama mfungwa.)

Mnunuzi asiridhike na kivuli cha hati kinachotolewa mfukoni mwa dalali. Aende kwa Msajili wa Hati akafanye upekuzi rasmi, aone jina la mwenye hati, tarehe ya kuanza kwa muda, na kama pana rehani au pingamizi. Adai risiti za kodi ya pango la ardhi, maana kutolipa ni kuvunja masharti, na deni hilo litamkuta yeye siku ya kuhamisha milki. Zaidi ya yote amtake mke au mume wa muuzaji aonane naye uso kwa uso. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kesi za namna hiyo huwatafuna wazee mahakamani mpaka fedha za akiba zikaisha.

Hata hivyo si haki kuutupa mzigo wote kwa mnunuzi. Kama umma ndio wenye ardhi, basi watumishi wa ofisi za ardhi ni mawakili wa mwenye ardhi huyo, na mwananchi anayekuja kuuliza muda wa hati yake si mwombaji wa hisani. Maombi ya kuongezewa muda yapokelewe mapema kabla ya ukomo, nayo yajibiwe kwa tarehe inayojulikana. Afisa anayemzungusha mstaafu kwa miezi mingi kwa kisingizio cha jalada lililopotea anaiharibia sifa siasa nzima ya ardhi ya umma.

Wastaafu watarajiwa huitwa kwenye semina, wakafundishwa habari za mafao, afya na miradi midogo. Tunapendekeza kila Halmashauri imwite na afisa ardhi katika semina hizo, aje na nakala ya hati awaonyeshe washiriki ni mstari gani unaotaja miaka. Na semina yenyewe ifanyike kabla kiinua mgongo hakijalipwa, kwa kuwa madalali huwahi sana.