Siri ya Mhitaji ni Amana

Hakuna ubishi kwamba simu ya mkononi imeyarahisishia mashirika ya misaada kazi yao. Mwaka 2011, ukame ulipoikumba Kaskazini mwa nchi, Wakenya walichanga zaidi ya shilingi milioni 500 kwa M-Pesa na njia nyinginezo katika kampeni ya Kenyans for Kenya. Siku hizi hata msaada wenyewe humfikia mhitaji kupitia simu yake.

Lakini kila msaada una daftari lake: jina, nambari ya kitambulisho, pengine hata alama za vidole. Je, daftari hilo likiibwa, ni nani atakayeumia? Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wamezifikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na jamaa zao vitani.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaagiza zikusanywe habari zinazohitajika tu, na mwenyewe aelezwe sababu. Mashirika na yaitii. Mwenye njaa hana uwezo wa kukataa kutia kidole; kwa hivyo, anayempa chakula hana budi kumtunzia siri yake.