Mzito wa kusoma si mjinga, vyuo vikuu vimpe muda

TULIPORUDI nyumbani kutoka Mishamo mwaka 2008, mdogo wangu alikuwa darasa la saba. Shule iliyompokea huku ilimrudisha la nne. Hesabu alizijua, jiografia aliijua, lakini vyote alivijua kwa Kiswahili, na hapa mwalimu aliuliza kwa Kifaransa. Baada ya wiki chache mama aliitwa shuleni akaambiwa kwamba mtoto wake ni mzito, bora atafutiwe kazi ya mikono.

Ndugu msomaji uliyetoka Katumba, Ulyankulu au kambi za Kibondo na Kasulu, kisa hiki hukisikii kwangu kwa mara ya kwanza. Kila familia iliyorejea ina mtoto aliyeitwa mjinga kwa sababu mlango wa kuingilia kwenye akili yake haukuwa ule ambao mwalimu alizoea kubisha. Ndiyo maana nasema sisi waliorejea tuwe wa kwanza kuwatetea vijana ninaotaka kuwazungumzia leo.

Hapa Kigobe ninapoishi nina jirani, mama mfanyabiashara. Bidhaa zake huzichukua Kahama na kuzivusha Kobero. Kwa faranga za safari hizo anamlipia mwanawe ada katika chuo kikuu kimoja cha hapa Bujumbura, anakosomea biashara. Kijana huyo ukimkuta dukani kwa mama yake utashangaa. Anabadilisha shilingi kwa faranga kichwani kabla hujatoa simu mfukoni, na anakumbuka deni la kila mteja bila daftari. Lakini mpe ukurasa mmoja asome. Nimekaa naye mezani nikamwona akihangaika nao karibu nusu saa, anaruka mistari, anarudi nyuma, jasho linamtoka. Mhadhiri anaposoma somo kwa sauti ili wanafunzi wanakili, yeye hufika nyumbani na nusu ya sentensi. Mwaka jana alianguka mitihani ya maandishi.

Wataalamu huiita hali hii disleksia. Ubongo hupata taabu kuunganisha herufi na sauti zake, ingawa mtu mwenyewe anaelewa mambo kama wenzake na pengine kuwazidi. Si uvivu, na mtu haponi kwa kufokewa. Wapo na wengine. Yupo mwenye usonji, anayeweza kulimudu somo vizuri lakini kelele za ukumbi wenye mamia ya watu zikamvuruga, au akashindwa kuelewa agizo lililotolewa kwa mafumbo. Yupo ambaye umakini wake hautulii, na mhadhara wa saa tatu mfululizo kwake ni adhabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Basi hata katika kumbi zetu za mihadhara wamo, ila tunawaita majina mengine: mjeuri, mvivu, aliyerogwa.

Waswahili walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mfanyabiashara wa mpakani analijua hili kuliko profesa. Wako kina mama pale Kobero na Gatumba ambao hawajui kuandika barua, lakini huwezi kuwapunja hata faranga mia. Hakuna anayewaita wajinga. Kwa nini basi tukubali chuo kipime akili ya mtoto wao kwa kasi ya kalamu peke yake?

Sheria haikosekani. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014. Mkataba huo unahusu pia ulemavu wa akili na wa fahamu, si wa miguu na macho tu, na kifungu chake cha 24 kinataja elimu ya juu waziwazi: mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayomfaa ili asome sawa na wengine. Januari 10, 2018 nchi yetu ikapata sheria yake yenyewe ya kukuza na kulinda haki za watu wenye ulemavu. Wakati huo Bunge lilikuwa na jumba lake hapa hapa Kigobe, si mbali na chuo kikuu pale Mutanga. Lakini kwa niliyoyaona katika kumfuatilia kijana huyu, sheria hiyo haijaingia bado katika vyumba vya mitihani.

Nimewauliza walimu wenzangu wa vyuoni, nao hunijibu mambo mawili. La kwanza, nchi ni maskini. Nami nauliza, dakika zinauzwa wapi? Kule tulikosomea ukimbizini, Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likitangaza kwamba watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtihani wa saa tatu unakuwa wa saa tatu na nusu. Gharama yake ni msimamizi mmoja kuchelewa kula.

La pili, watasema kila mvivu atajidai ana disleksia. Muda wa ziada haumpi jibu mtu asiyelijua. Asiye na kitu kichwani, hata umpe siku nzima, karatasi yake itabaki nyeupe. Anayefaidika ni yule aliyelijua jibu na kengele ikamkuta katikati ya sentensi.

Ninachoomba ni kidogo. Mhadhiri agawe maandishi ya somo yaliyopigwa chapa badala ya kuyasoma ili yanakiliwe. Anayeshindwa kuandika kwa kasi aongezewe muda au aulizwe kwa mdomo. Anayevurugwa na kelele apewe chumba kidogo cha kufanyia mtihani. Kila chuo kiwe na mtu mmoja anayejulikana, ambaye mwanafunzi anaweza kumwendea bila aibu. Na wasidai kwanza cheti cha daktari bingwa, kwa kuwa wengi hawatakipata. Waanze na ushahidi wa walimu waliomfundisha. Ujuzi wenyewe uko karibu: Chuo Kikuu cha Kyambogo, Uganda, na taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, KISE, wamefundisha walimu wa aina hii kwa miaka mingi, na sisi tuko Jumuiya moja nao tangu 2007.

Wazazi nao wana lao. Ndugu yangu unayelala kwenye lori ili ulipe ada, kabla ya kutoa faranga zako uliza chuo kitamsaidiaje mtoto asomaye polepole. Wewe ni mteja. Mpakani hununui gunia bila kulifungua. Na ukiona mtoto anajua lakini hafaulu, usimwondoe haraka. Mkalishe, mwambie akueleze somo kwa mdomo, umsikilize.

Kijana wa jirani yangu alikwenda mwenyewe kwa mhadhiri mmoja akamweleza hali yake. Mhadhiri alimuuliza maswali yote kwa mdomo, na somo hilo alilifaulu. Masomo mengine matatu yanamsubiri katika kipindi cha pili cha mitihani, kwa maandishi, kwa muda ule ule wa wote. Mama yake ameshasema akianguka tena, atakwenda Kobero kuhesabu mizigo. Kazi hiyo ni ya halali na ataiweza vizuri sana. Lakini aende kwa kupenda kwake, asipelekwe na saa ya ukutani.

Mdogo wangu aliyeitwa mzito, kwa taarifa ya wasomaji, leo anafundisha hisabati, na anaifundisha kwa Kifaransa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, anaishi Kigobe, Bujumbura.